Zile Dawa Tulizoziita za Kuku

Mutheu, Mwaitu wangu,

Nimekuita Mwaitu tangu ukiwa wa kubebwa, kwa sababu una jina la mama yangu mzazi, na kwetu Ukambani aliyepewa jina la mama ni mama. Tena mtu hawezi kumkemea mama yake sana. Ndiyo maana ukakua na kichwa kigumu, na lawama zote nazibeba mimi.

Nakuandikia nikiwa hapa dukani. Nimefunga mlango wa mbele na kuketi juu ya gunia la chakula cha kuku. Nyumbani hakuna pa kukaa. Shangazi zako wamejaa jikoni, akina mama wa kanisa wanachagua mchele uani, na Shemasi Muli amekalia kiti changu akingoja chai. Wamekuja kwa ajili yako. Kesho asubuhi, kabla hujaanza safari ya kwenda kuanza kazi Tseikuru, Pasta atakuja kukuombea, na mimi nimeambiwa nitoe ushuhuda wangu kidogo kabla ya maombi. Ushuhuda huo unaujua. Hapa Mbumbuni hakuna asiyeujua.

Habari za neti, maji ya kuchemsha na kufunga mlango mapema, mama yako ameshakuambia, na kesho atarudia mpaka gari liondoke. Mimi nina neno moja tu. Nitakutilia barua hii mkononi ukitoka jikoni. Uisome leo hii, usingoje ufike Tseikuru. Utaona sababu.

Wiki iliyopita ulikuwa unanisimulia wagonjwa wa kule ulikofanyia mazoezi. Ukasema, "Baba, hawa watu hawaelewi. Unampatia dawa, unamwelezea poa kabisa, anasema ndiyo sista, halafu anarudi presha imepanda kuliko vile alienda. Hawaelewi tu." Nikakuitikia kama mtu mwenye akili. Nikasema, "Ni elimu, Mwaitu. Watu wanahitaji elimu." Kisha nikasikia pikipiki ya Shemasi Muli getini, nikaenda nyuma ya choo, nikameza kidonge changu bila maji.

Najua unajua kwamba nameza. Wewe ni nesi sasa, na hata kabla ya kuwa nesi ulikuwa na macho. Lakini hujawahi kunitajia, na mimi sijawahi kukutajia. Nyumba yetu imezoea hivyo. Mama yako akitaka kunikumbusha mbele ya watu huniuliza, "Umeshughulikia zile za kuku?" Nami hujibu, "Nimeshughulikia." Leo nataka kukueleza ilivyoanza, kwa sababu unakwenda kukaa kwenye kiti cha kuuliza watu kwa nini hawamezi dawa, nami nina jibu ambalo vitabu vyenu sidhani vinalo.

Ulikuwa mdogo, hujaingia darasa la kwanza. Nilikuwa nimeumwa na kichwa kwa muda mrefu, nikapimwa, nikaambiwa ni presha na kwamba nitameza dawa maisha yangu yote. Mtu wa makamo, mwenye nguvu, anaambiwa maisha yote. Nilizimeza miezi kadhaa, nikiwa nimenuna kila asubuhi. Halafu nikasafiri kwenda Kabati kumwona mteja aliyetaka mashine za kunyunyizia miembe, nikakuta mkutano wa injili sokoni. Mhubiri akasema wagonjwa wanyooshe mikono. Nikanyoosha. Mutheu, siku ile sikudanganya. Kichwa kilikuwa chepesi, machozi yalinitoka mbele ya watu nisiowajua, na nilihisi mkono wa Mungu. Hata leo siwezi kusema haukuwepo.

Nikarudi. Kesho yake nikapita kwa duka la dawa, nikapimwa, na kijana wa pale akaniambia, "Mzee, presha yako iko sawa kabisa." Nikatoka mbio. Jambo nililosahau, au nililotaka kusahau, ni kwamba nilikuwa nimemeza kidonge asubuhi ile na chai, na asubuhi ya kabla yake pia. Mashine ilipima kazi ya kidonge. Mimi nikaenda kanisani nikaipa jina la muujiza.

Jumapili hiyo nilisimama nikatoa ushuhuda. Akina mama wakapiga vigelegele. Pasta alinikumbatia. Unajua mimi ni nani katika soko hili: ni mtu wa dawa ya kupe na minyoo, ninayenuka dawa ya kuogeshea ng'ombe hata nikivaa suti. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma kabisa. Baada ya siku ile nilipelekwa mbele, na baadaye nikafanywa mzee wa kanisa. Wageni wakija, naitwa: Baba Mutheu, tuambie vile Bwana alikutendea Kabati. Nilipenda. Naandika neno hilo bila kulizungusha. Nilipenda sana.

Basi, mtu aliyepona hamezi dawa. Nikaziacha. Na kweli kwa muda nilikuwa sawa, kwa maana presha haipigi hodi. Kisha siku moja nikaanguka hapa hapa dukani, kati ya kaunta na rafu ya mbegu. Mama yako alinipeleka hospitali, na daktari akaniuliza swali lile lenu: mbona hukumeza? Nikasema nilisahau. Kanisani ilisemekana kwamba Mzee amefunga kupita kiasi, amejinyima chakula kwa ajili ya maombi. Nilisikia wakisema hivyo nikiwa kitandani, nikafumba macho. Tangu hapo nameza kwa kujificha. Methali ya mficha maradhi niliijua tangu shule ya msingi, niliiandikia insha nzuri mwalimu akaisomea darasa zima. Kujua hakukunisaidia kitu.

Sasa ile siku ya sinia. Huenda umeisahau, lakini sidhani. Ulikuwa darasa la pili. Shemasi Muli alikuja kunitembelea, mama yako alikuwa shambani, na wewe ukajifanya mkubwa ukaandaa chai. Ukaja na sinia, vikombe viwili, na kwenye kisosi umepanga vidonge vyangu vizuri, kwa sababu ulikuwa umemwona mama yako akifanya hivyo asubuhi mlango ukiwa umefungwa. Ukasema, "Baba, umesahau dawa zako."

Shemasi akatazama kisosi. "Kwani Mzee bado unameza dawa?"

Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Hapana. Hizo ni za kuku."

Ukasema, "Lakini mama alisema..."

Nikakutazama kwa jicho lile. Unalijua. Nikakuambia uende ukazisage uwatilie kuku kwenye maji. Ulisimama kwanza, kwa maana tulikufundisha kwamba dawa haimwagwi. Kisha ukaenda. Shemasi, naye kwa kupenda kujua mambo ya watu, akatoka na kikombe chake akasimama kukuangalia ukisaga kwa jiwe huku makamasi yakikutoka. Akauliza, "Hiyo ni dawa ya nini hasa?" Nikasema ni ya kideri. Akaomba mbili awapelekee kuku wake. Nikampa. Mtu aliyeambiwa meza maisha yote akamgawia shemasi dawa yake, kwa ajili ya jogoo mmoja na mitetea. Alirudi wiki iliyofuata akaniambia wamechangamka sana, akauliza kama nina zingine. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia. Hapo ndipo zilipopata jina.

Jioni hiyo ulikataa kula. Nilitaka kuja kukuambia kwamba hukukosea, kwamba katika nyumba ile wewe ndiye uliyekuwa umefanya jambo sawasawa. Sikuja. Ningekuambia nini? Ningesema ukweli, ungeusema shuleni. Kwa hiyo nilikuacha ulale ukijua kwamba kumjali baba yako ni kosa. Hilo nimelibeba, na sasa nalitua hapa mbele yako. Nisamehe, Mwaitu.

Unaona nilivyofungwa? Na kamba ilizidi kukazwa na watu wema. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kwa sababu kila mtu alinifyekea nyasi. Ulipopata nafasi chuoni, kanisa lilifanya harambee ya karo yako, na Pasta alisimama akasema, "Huyu ni binti wa yule Bwana alimponya." Watu wakatoa kwa moyo. Ningesimama wakati gani kusema? Kabla ya sahani kupita, au baada?

Dawa yenyewe nilikuwa naichukua mjini Wote, mahali nisipojulikana sana, nikisema naenda kuleta mali ya duka. Nikikutana na mtu wa kwetu kule kliniki, nageuka narudi mikono mitupu, na mwezi huo nameza leo naruka kesho ili zifike. Jumapili simezi, kwa sababu kidonge kimoja kinanikojoza, na mzee wa kanisa anayekaa mbele hawezi kutoka mara nne katikati ya mahubiri bila kuulizwa afya. Kukiwa na kesha, simezi. Mgeni akilala kwetu, simezi mpaka aondoke. Pasta mgeni mmoja alikaa wiki nzima, mtu mzuri kweli, na kila siku alinisifu kwa kuwa ananiona nimetulia. Nilikuwa nimetulia kwa sababu kichwa kilikuwa kinapasuka.

Na nesi mmoja kule Wote, mkubwa kwako kidogo, alinipima mbele ya foleni akapaza sauti: "Mzee, hii presha ni ya mtu anameza dawa kweli? Unataka kufa?" Watu wakageuka. Nikasema, "Nameza kila siku, sista." Alijua nadanganya, nami nilijua anajua. Nilikaa muda mrefu sijarudi kwake. Alikuwa anasema kweli, na alikuwa na uchungu na mimi, naona hivyo sasa. Lakini alinifungia mlango uliokuwa umebaki.

Kinachonichekesha, ingawa si cheko la furaha, ni kwamba kazi yangu hapa dukani ni hiyo hiyo yako. Mtu akija kununua dawa ya mbuzi namwambia, "Maliza dozi. Usiache katikati kwa sababu umeona anakula." Wananisikiliza. Mbuzi anamaliza dozi kwa kuwa hajali nani anamwona akinyweshwa.

Kwa hiyo huko Tseikuru, atakapokuja mzee mmoja mwenye ng'ombe zake, aseme ndiyo sista, ndiyo sista, usimuulize kwa nini hakumeza. Atakuambia alisahau. Sote tulisahau. Muulize anamezea wapi. Muulize ni nani huwa nyumbani saa hiyo. Kisha unyamaze kidogo, hata kama foleni ni ndefu, maana akianza kukujibu hilo, ataanza na mambo ya mbali.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa barua nzuri ya baba. Lakini sijafika kwa Mama Kyalo.

Unamkumbuka kabla hajaugua, alivyokuwa akiimbisha kwaya na kukukalisha wewe mapajani ukisinzia. Alikuwa na presha kama mimi, na dawa zake alizimeza vizuri. Nilipotoa ushuhuda wangu tena, ile Jumapili ya wageni kutoka Kitui, alinifuata nje ya kanisa. Akasema, "Baba Mutheu, kumbe hata wewe ilikuwa hii presha? Na ukaacha dawa kabisa?" Nilikuwa na dakika moja pale. Watu walikuwa wanasalimiana, hakuna aliyetusikiliza. Ningesema, Mama Kyalo, mimi nameza, usiache. Nikasema, "Bwana ni mwema." Akaitikia, "Kila wakati," akaenda zake.

Ulikuwa chuoni kiharusi kilipompiga. Uliambiwa kwamba presha ilipanda ghafla. Haikuwa ghafla. Alikuwa ameziacha dawa kutoka Jumapili ile.

Pasta hajawahi kumkataza mtu hospitali, nataka ulijue hilo usije ukamwekea kinyongo. Kuna siku hata alisema madhabahuni kwamba madaktari ni wa Mungu. Lakini watu hawafuati anachosema Pasta wakati kuna mtu ameketi mbele yao akiwa mzima. Ushuhuda wangu ndio uliokataza.

Mama Kyalo sasa anatembea kwa fimbo, na mkono mmoja umelala. Hamezi mpaka leo. Mwikali, mke wa mwanawe, alikuja hapa dukani mwezi uliopita akasimama pale kwenye kaunta kama mtu anayetaka kununua kitu. Akaniambia, "Mzee, nisaidie. Daktari amesema ikimpiga tena hatapona. Nikimletea dawa anasema Baba Mutheu hakumeza, ni yeye tu imani yake iko ndogo. Nikitia kwa uji anajua, anamwaga. Wewe ukimwambia atasikia." Nikamwambia nitakuja.

Nilikwenda. Nilikuwa nimejipanga maneno njiani, na vidonge vyangu mwenyewe vilikuwa mfukoni ili nimwonyeshe. Nikamkuta Pasta na akina mama wamekwisha kuketi, wamekuja kumwombea. Mama Kyalo aliponiona alifurahi, uso ukacheka upande mmoja. Akasema, "Baba Mutheu, wewe ndiye nilikuwa nangoja. Niombee nipate imani kama yako." Wote wakainamisha vichwa. Nikaomba, Mutheu. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya kichwa chake na mwingine umefinya vidonge mfukoni. Niliomba kwa sauti kubwa, na yeye akasema amina kuliko wote. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba nimechoka, nikalala na viatu.

Kesho atakuwepo. Mwikali atamleta, kwa sababu amesema lazima akubariki mwenyewe. Na mimi nitasimama mbele yake kutoa ushuhuda ule ule.

Nimejaribu kujipa nguvu siku hizi zote. Leo asubuhi nilisema nitamweleza Pasta kwanza, faraghani, ili asiaibike. Nikafika hadi getini kwake nikamsalimia mbwa nikarudi. Sasa hivi, kabla ya kuandika mstari huu, nimemeza kidonge cha leo kwa maji ya mtungi ninayochanganyia dawa za mifugo. Duka limefungwa, nipo peke yangu, na bado niligeuka nikatazama ukuta. Hapo nikajua kwamba peke yangu sitaweza. Mimi si jasiri. Ninajijua.

Kwa hiyo nakuomba kitu, na ni kizito kumwekea mtoto siku yake ya kuondoka. Unaweza kukataa, na sitakulaumu, kwa maana kanisa hili ni lako pia na watu hawa ndio waliokusomesha. Nimefikiria hilo pia. Huenda wakakasirika. Huenda nikarudishwa benchi la nyuma, na duka likose watu kwa muda. Mama yako nimemwambia jioni hii. Akasema, "Afadhali. Nimechoka na hao kuku."

Kesho Pasta atasema, "Mzee, tupe ushuhuda." Nitasimama. Mdomo wangu umeizoea njia yake, utasema Bwana asifiwe, kisha utaelekea Kabati wenyewe. Kabla haujafika, uje na sinia. Lete chai, glasi ya maji, na vidonge juu ya kisosi, uvipange kama ulivyovipanga siku ile. Viko mahali pake pa siku zote, kwenye mkebe wa dawa ya minyoo. Simama mbele yangu, na kwa ile sauti yako ya hospitali inayoniudhi, niulize kama nimemeza dawa zangu. Usiseme za kuku. Sema zangu.

Nikisema ni za kuku, usiende kuzisaga. Nikikutazama kwa jicho lile, nitazame na wewe. Niulize tena, watu wote wasikie, mpaka nijibu.

Mama Kyalo tutamketisha karibu na mlango ili aone vizuri. Mwikali nimemwambia tu abebe dawa za mkwewe kwenye mkoba, sikumwambia kwa nini. Nikishameza, usiirudishe glasi jikoni. Ijaze tena, umpelekee.

Baba yako